Mlango wa Datsun unakwaruza na taa imezimika: tupige gundi au turudi nyuma?

Fundi, salamu sana.

Mimi na mwanangu wa miaka 16 tunaunda Datsun 240Z ya kipimo cha 1:8, ile inayonunuliwa kidogo kidogo. Kila mwezi tunaletewa matoleo manne, kila toleo na jarida lake na vipande vyake. Jumla ni matoleo 100 na sasa tuko la 83. Injini, giaboksi, chesisi, viti na dashibodi vimekwisha na vimekaa vizuri. Shida zimeingia tangu tuanze kufunga bodi, na zote ziko upande wa kushoto.

Kwanza, mlango. Ukiufunga, kona yake ya chini ya nyuma inagusa bodi na imeshakwangua rangi kidogo. Upande wa mbele, juu karibu na kioo, kuna pengo la milimita 2, lakini ukishuka chini linapungua mpaka linakaribia kuziba. Mlango wa kulia uko sawa kabisa. Nadhani chanzo ni bawaba. Kipande kinachoishika kinafungwa kwa skrubu mbili, na ya juu ilikatika kichwa mwanangu alipokuwa anaikaza. Mwili wake umebaki ndani ya chuma. Tuliona ya chini itatosha, tukaendelea.

Pili, taa kubwa ya mbele. Tuliijaribu kwenye toleo la 71 ikawaka. Tangu tufunge madigadi haiwaki tena, ingawa ya kulia inawaka. Madigadi yenyewe haijalala vizuri, imeinuka kama unene wa ukucha, na kukaza skrubu zaidi hakusaidii.

Kijana anasema tupige supaglu mlango ubaki umefungwa, maana kurudi nyuma ni kubomoa kazi ya miezi. Mimi sitaki, kwa sababu modeli hii ni ya babu yake, shabiki wa Safari Rally tangu ujana wake Nakuru, na najua atataka kufungua kila kinachofunguka. Babu pia anasema Datsun iliyoshinda Safari mwaka 1971 ilikuwa na boneti nyeusi. Yetu imekuja nyekundu yote. Kuna ubaya tukiipaka?

Mama Baraka, Leicester

*

Mama Baraka, msipige gundi. Supaglu kwenye kipande kilichopakwa rangi hushika rangi tu, haishiki chuma kilicho chini yake. Mlango wa kipimo hiki ni mzito, siku moja utabanduka pamoja na ganda la rangi. Isitoshe, mvuke wa gundi hiyo ukifungiwa ndani ya gari huacha ukungu mweupe kwenye vioo, na ukungu huo haufutiki kwa kitambaa.

Wala hamhitaji kubomoa kazi ya miezi. Kwa jinsi ulivyoeleza, vinavyotakiwa kutoka ni boneti, madigadi ya kushoto na mlango wa kushoto, basi. Nyaya za chesisi, injini na viti msiviguse. Ni kazi ya jioni mbili tatu kwa mtu asiye na haraka, na dalili zote ulizotaja zina vyanzo viwili tu.

Chanzo cha kwanza umekitaja mwenyewe. Mlango ukilala kwenye gari la kweli, fundi bodi huanza na bawaba ya juu, kwa sababu uzito wa mlango huivuta hiyo na kuisukuma ile ya chini. Ya juu ikilegea, sehemu ya juu ya mlango hurudi nyuma na kona ya chini ya nyuma hushuka. Ndiyo picha uliyoichora: pengo pana juu mbele, chini limebana, nyuma panakwaruza. Skrubu moja ya chini haiwezi kuzuia kipande cha bawaba kisizunguke, hata mkiikaza namna gani, na mkizidi itakatika na yenyewe. Milimita 2 kwenye kipimo cha 1:8 ni sawa na milimita 16 kwenye gari halisi, kwa hiyo jicho lako halikukosea kuliona.

Chanzo cha pili ni waya wa taa, na hapa niko karibu na uhakika. Taa za 240Z zimezama ndani ya vikombe vilivyo kwenye ncha za madigadi, na waya wake hupita nyuma ya kikombe, ukaambaa na ukuta wa ndani wa madigadi hadi kwenye bodi ya umeme. Waya ukilegea kidogo huangukia juu ya kile kinguzo cha skrubu. Ukikaza, unaubana. Madigadi haitalala kwa sababu imekalia waya, taa haitawaka kwa sababu waya umekatwa, na kila mnapozidi kukaza mnazidi kuukata.

Tandikeni taulo nene mezani. Anzeni na boneti, halafu madigadi, mlango mwisho. Boneti ya gari hili ina bawaba upande wa mbele na hufungukia kuelekea taa, kwa hiyo mmoja aishike kwa mikono miwili mwingine akifungua, la sivyo itaanguka na kukwaruza madigadi zote mbili. Kila skrubu inayotoka ichomekeni kwenye kadi nene iliyochorwa umbo la kipande, kila moja mahali pake. Skrubu za seti hizi hufanana mno. Ya urefu wa milimita 5 ikiingia kwenye tundu la milimita 4 hutokeza upande wa pili na kuinua rangi kama kipele.

Madigadi ikitoka, tafuteni sehemu ya waya iliyobonyea au ganda lililochanika. Kabla ya kukata chochote, ijaribuni taa peke yake. Chukueni betri bapa ya CR2032 ya volti 3, chomoeni plagi ya taa kwenye bodi ya umeme, na mguse ncha zake mbili kwa pini mbili za kushonea zinazogusa nyuso mbili za betri. Mkigeuza chanya na hasi taa haiungui, haiwaki tu, basi geuzeni. Ikiwaka, jaribuni tena huku mkiuchezesha waya pale ulipobonyea. Ikizimika na kuwaka, mmepata penyewe. Isipowaka kabisa, toboeni ganda la waya kwa pini karibu na taa, juu ya jeraha, na mjaribu kutokea hapo.

Kuunga waya si kazi kubwa. Kateni kipande kilichoumia, chuneni ganda milimita 4 kila ncha, vikeni kwanza kimpira cha kusinyaa kwa joto cha kipenyo cha milimita 1.5, sokoteni, tieni lehemu kidogo sana, kisha sukumeni kimpira juu ya kiungo na mkipashe moto. Waya ziko mbili, kwa hiyo viungo viwili visikae sambamba. Kimoja kikae sentimita moja mbele ya kingine, ili fundo lisiwe nene likainua tena madigadi na ncha zisigusane. Kama ni taa yenyewe iliyokufa, tazameni waya wa taa ya kulia. Usipokuwa na rezista, kile kipande kinachopunguza umeme, maana yake rezista iko kwenye bodi ya umeme, na LED mpya (kitaa chenyewe) ya aina ileile itaingia moja kwa moja. Msiiunganishe LED tupu na betri tatu za kisanduku: volti 4.5 bila rezista huiunguza. Rezista ya ohm 100 inatosha kwa LED nyeupe.

Waya ukishapona, ulazeni mbali na kila kinguzo na mushike kwa vipande vyembamba vya tepu kila baada ya sentimita 2. Washeni taa kabla ya kukaza madigadi, washeni katikati ya kukaza, washeni tena mkimaliza. Jarida huwaambia mjaribu mara moja tu, wakati taa bado iko mezani, na ndiyo maana watu wengi hufika mwisho na gari lenye jicho moja.

Sasa ile skrubu iliyokatika. Nataka kijana aelewe kwa nini ilikatika, maana bado ana matoleo 17 ya kukaza. Bodi hizi humiminwa kwa aloi ya zinki yenye aluminiamu kama asilimia 4. Matundu mengi huja bila hesi, na skrubu ndiyo inayojichongea hesi ikiingia mara ya kwanza. Tena kiwandani rangi huingia tundu na kulipunguza. Skrubu ya milimita 2 inapopita humo joto hupanda, vumbi la zinki hujaa kwenye hesi, na mkono unahisi ugumu. Mtu hudhani bado haijafika, anasukuma, shingo inakatika. Dawa ni kuchonga hesi kabla ya kuunganisha. Toa rangi mdomoni mwa tundu, paka ncha ya skrubu mafuta ya cherehani au sabuni kavu ya mche, iingize peke yake bila kipande cha pili, nusu mzunguko mbele na robo nyuma, hadi mwisho. Itoe, pangusa vumbi, ndipo ufunge vipande vyako. Mwenye tapu ya M2, chombo cha kuchongea hesi ya milimita 2, na kishikio chake atafanya kazi safi zaidi. Bisibisi nayo iwe ya namba halisi, PH0 kwa skrubu nyingi na PH00 kwa zile ndogo, na ncha yake isiwe imelika.

Skrubu zenyewe ni za aina mbili. Za kuingia kwenye chuma zina hesi za karibu karibu, za kuingia kwenye plastiki zina hesi za mbalimbali na ncha kali. Ya plastiki ikiingizwa kwenye zinki hukatika, ya chuma ikiingizwa kwenye plastiki huzunguka bila kushika. Herufi zilizoandikwa kwenye vifuko hutofautiana seti hadi seti, kwa hiyo amini jedwali la jarida lako, usiamini kumbukumbu ya modeli nyingine.

Kuitoa iliyobaki ndani: kama imetokeza hata milimita moja, ibaneni kwa koleo ndogo na mzungushe kinyume cha saa. Kama imekatika usawa wa tundu, jaribuni joto kwanza. Zinki hutanuka kwa joto zaidi ya mara mbili ya chuma cha skrubu, kwa hiyo tundu hulegea. Gusisheni ncha safi ya pasi ya lehemu juu ya skrubu kwa sekunde 10, ondoeni, jaribuni kuizungusha kwa ncha ya sindano nene au kwa mfereji mliouchonga kwa kisahani kidogo cha kukatia. Rudieni mara mbili tatu, si zaidi. Rangi ya jirani ikianza kubadilika, acheni.

Msijaribu kuitoboa kwa kutumbukiza keekee katikati yake. Skrubu ni ngumu kuliko zinki iliyoizunguka, kwa hiyo ncha ya keekee huteleza pembeni na kula chuma laini, na mtabaki na tundu la yai lisiloshika kitu. Joto likishindwa, mimi ningeiacha humo humo na kutoboa tundu jipya milimita 4 kando yake, mkitoboa kipande cha bawaba na nguzo kwa pamoja vikiwa vimebanwa mahali pake. Tumieni keekee ya milimita 1.6 ya kuzungusha kwa vidole, kisha tapu ya M2. Kabla ya hapo pimeni kina cha nguzo na mfunge tepu kwenye keekee kama alama ya kusimamia, ili isitokeze nje kwenye rangi. Kama hakuna nafasi ya tundu jipya, kwanguani rangi kwenye nyuso mbili zinazogusana hadi zinki ionekane, pakeni epoksi ya dakika 5, kazeni skrubu ya chini na mfunge kibanio hadi kesho yake. Epoksi kwa bawaba inakubalika kwa sababu iko kwenye kipande kisichosogea. Mlango utaendelea kufunguka.

Kurudisha mlango kuna utaratibu wake, na ni uleule wa gereji: nyuma kwanza, mbele mwisho. Bodi ya nyuma haisogei, kwa hiyo mlango hupangwa kuifuata hiyo, madigadi hupangwa kuufuata mlango, na boneti hupangwa kuzifuata madigadi. Watu huanza na madigadi kwa sababu toleo lake lilitangulia kufika, halafu wanashangaa mlango hauna pa kukaa. Kateni vipande vya kadi ya zamani ya benki, unene wake ni milimita 0.76, na kwenye gari halisi hiyo ni kama milimita 6. Bandikeni vipande viwili kwenye ukingo wa nyuma wa mlango na viwili chini, fungeni mlango, na skrubu za bawaba zikiwa zimelegea kidogo usukumeni mpaka ukae juu ya kadi hizo. Hapo ndipo mkaze. Mlango ukizama ndani kuliko bodi, wekeni chini ya bawaba kipande cha kopo la soda, ambacho ni kama milimita 0.1, na mwongeze kimoja kimoja. Ufungueni na kuufunga mara kadhaa kabla ya kuamini. Kisha leteni madigadi, na kadi nyingine katikati yake na mlango.

Skrubu za mlango msizitie gundi ya kuzuia hesi kulegea kama zina plastiki karibu. Gundi ile hupasua plastiki ya ABS polepole, na nyufa huonekana wiki kadhaa baadaye. Tone la gundi nyeupe ya mbao latosha, na skrubu itafunguka siku mkiihitaji.

Mkiwa bado mmefungua, ombeni skrubu za akiba na kipande cha bawaba kwa wachapishaji leo, msisubiri toleo la 100. Kampuni ya Eaglemoss ya Uingereza ilipofilisika mwaka 2022, wanunuzi wengi walibaki na magari nusu, na vipande vilivyosalia vikawa vya kuwindwa. Kila kifurushi kikija, hesabuni vipande siku hiyohiyo hata kama mtavifunga baada ya miezi miwili.

Na kabla boneti haijarudi, angalieni nyaya za plagi kwenye injini. Injini ya L24 ina silinda sita na huwasha kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, ya kwanza ikiwa ile ya mbele, na kwenye kifuniko cha distributa mpangilio huo hufuatwa kinyume cha saa. Babu akiwa shabiki wa Safari Rally kama ulivyosema, hapo ndipo atakapoinamia kwanza. Zungusheni usukani pia. Magurudumu yakigoma, legezeni kwa robo mzunguko skrubu za fito za stelingi, maana zile ni viungo vya kuzunguka, hazikazwi hadi mwisho.

Babu yuko sahihi kuhusu boneti. Gari la Edgar Herrmann na Hans Schüller lililoshinda East African Safari ya 1971, namba 11, lilikuwa jekundu lenye boneti nyeusi isiyong'aa, ili jua lisimpige dereva machoni. Shekhar Mehta alikuwa wa pili mwaka ule, naye kwa 240Z, kisha akashinda na gari la aina hiyo mwaka 1973. Kwa hiyo pakeni, tena nawahimiza. Boneti iko mikononi mwenu sasa hivi na hakuna wakati rahisi kuliko huu.

Ioshweni kwa maji ya sabuni, ikauke, ipanguseni kwa spiriti na msiiguse tena kwa vidole vitupu. Suguweni juu kwa msasa wa 800 uliolowa, kisha 1000, mpaka mng'ao wote uondoke. Msifike kwenye chuma, hasa kwenye kingo na kwenye ule mwinuko wa katikati, ambako rangi ni nyembamba. Palipobaki na rangi nzima hapahitaji praima. Mkitoboa hadi chuma, pulizeni praima hapo. Zibeni upande wote wa chini na sehemu za bawaba kwa tepu ya karatasi, mkikandamiza ukingo wa tepu kwa ukucha. Rangi iwe ya akriliki. Zile za selulosi zinaweza kuikunja rangi ya kiwandani, na kama sehemu ya boneti ni plastiki zitaila. Hata akriliki ijaribuni kwanza mahali pasipoonekana. Pasheni kopo kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika tano, tikiseni vizuri, pulizeni kwa umbali wa sentimita 20, mkono ukianza kabla ya ukingo na kumalizia nje ya ukingo. Tabaka tatu nyembamba, dakika 15 kati ya moja na nyingine. La kwanza litaacha wekundu ukionekana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Anayetaka weusi kamili kwa tabaka moja hupata michirizi, na rangi isiyong'aa ikichirizika haifichiki.

Tepu itoeni saa moja baada ya tabaka la mwisho, mkiivuta kwa kuikunja nyuma juu yake yenyewe. Halafu boneti ikae saa 48 mahali pasipo na vumbi. Inuseni kabla ya kuifunga: ikiwa bado inatoa harufu ya rangi haijakauka ndani, na alama za vidole zitabaki humo, basi ipeni siku mbili zaidi.

Fundi